Ukiambiwa "jitambulishe": kwa wadogo zangu mnaoanza uhandisi

Niko nyumbani Ujiji kwa likizo, na kila jioni kuna mtu anabisha hodi. Mtaa wetu mwaka huu una watoto watatu wanaokwenda kusoma uhandisi, na wote wana maswali. Vyeti nitoe nakala ngapi? Kikokotoo nichukue kipi? Bumu, yaani pesa ya mkopo wa wanafunzi, huwa linaingia lini? Niende kwa treni au basi? Hakuna hata mmoja aliyeniuliza atasema nini akiambiwa ajitambulishe. Mimi katika wiki mbili za mwanzo niliambiwa hivyo mara 11. Nilizihesabu kwa sababu ya kwanza iliniuma.

Tulikuwa ukumbini, tumejaa mpaka wengine wamekaa kwenye ngazi. Mhadhiri akasema tuanzie mbele: jina, unakotoka, na kinachokuvutia katika uhandisi. Nilikuwa safu ya nne. Nikawasikiliza wenzangu. "Natokea Mbeya, nimesoma PCM (fizikia, kemia na hisabati), napenda hisabati na fizikia, ndoto yangu ni kuwa injinia." "Natokea Tanga, nimesoma PCM, napenda fizikia na hisabati." Zamu yangu ilipofika nikasimama, nikasema hayohayo, nikabadilisha mkoa tu. Nilipotaja Kigoma mtu huko nyuma akapiga kelele "mwisho wa reli!" na ukumbi ukacheka. Hilo tumelizoea, halikunigusa. Kilichoniuma ni kwamba mhadhiri, ambaye muda wote alikuwa ameinamia karatasi zake, aliinua kichwa akaniuliza: "Kipi katika fizikia?"

Nikasema: "Yote."

Akasema asante, akamgeukia wa pembeni yangu. Jina langu alikuja kulijua muhula wa pili.

Nayaandika haya kwa sababu nilitamani kuna dada angeniambia kabla sijapanda treni.

Achana na "napenda"

Kupenda fizikia si habari. Ukumbi mzima mmefaulu fizikia, ndiyo maana mko humo. Ni sawa na kwenda mwalo wa Kibirizi ukajitambulisha kwamba unapenda samaki. Hata kiwango cha ufaulu kiache nyumbani. Nilikuwa na mwenzangu aliyetaja divisheni wani yake ya pointi tatu mbele ya watu, na mpaka leo anaitwa "Pointi Tatu", tena zaidi siku majibu ya mtihani yakitoka vibaya.

Badala yake taja vitu vitatu kwa mpangilio huu: kifaa ulichokishika kwa mkono wako, siku kilipokusumbua, na swali ambalo kilikuachia mpaka leo. Basi. Ukiwa na swali mtu ana pa kukujibia, na mazungumzo yanaanza. Ukisema "ndoto yangu ni kuwa injinia" atakujibu nini zaidi ya "hongera"?

Wengi mtasema, mimi sina kifaa, sijawahi kuingia kiwandani. Nani amesema kiwanda? Kabla hujasafiri chukua daftari, zunguka siku mbili nyumbani na mtaani. Injini ya boti inayogoma kuwaka alfajiri. Taa za wavuvi wa dagaa, na kwa nini mwezi mpevu ukitoka wanakaa nchi kavu. Sola juu ya bati inayochaji simu mpaka saa nane mchana kisha inalegea. Mashine ya kusaga ambayo mkanda wake unapakwa kitu kila asubuhi ili usiteleze. Kwenu Kasulu au Uvinza vipo vingine, Tabora vingine kabisa. Sharti langu ni moja: uwe na uwezo wa kukichora bila kukitazama. Usipoweza kukichora hukijui, umekiona tu.

Mashine ya mama

Nitawaonyesha kwa cha kwangu, maana hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Kwetu tunakamua mawese. Mikungu ikishakatwa inalazwa siku kadhaa mpaka matunda yaachie, yanachambuliwa, yanachemshwa kwenye pipa kwa saa nyingi, halafu yanaingia kwenye mashine iliyo uani. Mashine yenyewe ni pipa nene la chuma lililosimama wima, limekitwa kwenye zege. Katikati yake inapita shafti, na shafti ina vyuma vifupi kama vidole vinavyoponda matunda. Juu ya shafti umefungwa mti mrefu wa mkaratusi, umepita huku na huku. Mtu mmoja anasukuma upande huu, mwingine upande ule, mnazunguka kama ngamia wa kinu. Nyama ya tunda inasagika, mafuta yanatoka na maji yake, yanakwenda kuchemshwa tena mpaka maji yaishe. Mise, zile kokwa ngumu za ndani ya tunda, zinawekwa kando, makapi yanarudi kuwa kuni. Ukipita uani kwetu msimu wa mawese, harufu inabaki kwenye nguo mpaka Jumapili.

Nilipokuwa kidato cha tatu jirani alijenga ukuta. Mti wetu, ambao kila upande ulikuwa na mita 2 kutoka kwenye shafti, ukawa unagonga matofali yake. Kaka akaukata, ikabaki mita 1.4 kila upande. Siku hiyohiyo tukaona mashine imekuwa nzito. Tulisukuma wawili kwa siku mbili, siku ya tatu nikashindwa kunyoosha mgongo, mama akaita mtu wa tatu. Kaka alidai matunda ya msimu ule ni magumu.

Sasa tazama. Momenti nilikuwa nimeshafundishwa kidato cha pili, nikajibu na mtihani nikapata: nguvu mara umbali. Lakini ile ilikuwa ya ubaoni, na mti ulikuwa wa uani, sikuwahi kuvikutanisha. Nilivikutanisha usiku ule baada ya kusema "Yote", nimelala juu ya kitanda cha bweni naangalia dari. Gawanya 2 kwa 1.4, unapata kama 1.43. Kwa hiyo kila mmoja wetu alitakiwa asukume karibu mara moja na nusu ya zamani. Au, ukipenda kubaki na msukumo uleule, watu 2 mara 1.43 ni watu 2.86. Mama aliita mtu wa tatu bila kikokotoo.

Asubuhi nikampigia kaka, nikamwambia apime mti kwa futi kamba anitumie vipimo. Akaniuliza kama huko chuoni nimeishiwa kazi. Lakini alipima. Na nyinyi pimeni, msikisie. Mhandisi yeyote utakayemwambia "mrefu kiasi" atakuuliza kiasi gani, ukianza kunyoosha mikono hewani umeshapotea.

Utambulisho wangu wa pili, wiki iliyofuata kwa mhadhiri mwingine, ulikuwa hivi:

"Natokea Ujiji, Kigoma. Nyumbani tunaponda chikichi kwa mashine ya kusukuma kwa mikono. Mti wake ulipofupishwa kutoka mita 2 hadi 1.4, watu wawili hawakuiweza tena, wakawa watatu, na hesabu ya momenti inakubali. Ila kuna jambo linanisumbua. Mzunguko mmoja ulikuwa mita 12.6, ukawa mita 8.8. Tulisukuma zaidi lakini tulitembea kidogo, kwa hiyo kazi ya kila mzunguko, yaani msukumo mara umbali tuliotembea, ni ileile. Mbona zile siku mbili tulizobaki wawili tulichoka kuliko zamani? Nataka kusoma mitambo inayoendeshwa na mwili wa mtu."

Haikufika hata dakika. Mhadhiri akaweka kalamu chini. Akamwita kijana wa mbele, akampa mkoba wake wenye vitabu aushike mkono umenyooka mbele, asitikisike. Sisi tukaendelea kujitambulisha. Baada ya muda yule kijana akaanza kutetemeka, jasho linamtoka. Mhadhiri akauliza: mkoba umesogea? Haujasogea. Basi kifizikia amefanya kazi kiasi gani juu ya mkoba? Sifuri. Na je, amechoka? Ukumbi ukacheka, lakini somo limeingia: msuli unakula nishati hata pale unaposhikilia tu, na kadiri unavyokaribia mwisho wa uwezo wake ndivyo unavyochoka haraka. Hesabu ya kazi inahesabu kilichofika kwenye shafti, haihesabu kilichopotea ndani ya mwili wangu.

Tangu siku ile akiniona ananiuliza habari za mawese.

Kuhusu Liemba

Najua mnachowaza, maana na mimi nilikiwaza. Mtoto wa Kigoma akiambiwa aseme kitu cha uhandisi cha kwao, mdomo unakimbilia Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Haya, ni kisa kitamu: meli imeundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, ikaungwa upya, ikaingia majini 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili isichukuliwe. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kusafiri tena kwa jina la Liemba. Ukisimulia hivyo umetoa somo la historia. Wewe mwenyewe hatujakusikia.

Ukitaka kuitumia, ingia ndani yake utafute mahali padogo. Mafundi wa Kijerumani walipoizamisha walipaka injini grisi nene kwanza. Hapo sasa kuna swali la mtu wa uhandisi: grisi ilizuia nini kisifike kwenye chuma kwa miaka chini ya maji, na je, ingetosha kama yangekuwa maji ya bahari yenye chumvi? Mtu anayeanza hivyo nitajua anataka kusoma kutu na vyuma, na nitamkumbuka. Ila awe amewahi kuparua kutu kwenye kitu chake mwenyewe, hata baiskeli. Bila hivyo inasikika kama umekariri.

Mwenzangu wa Urambo

Chumbani nakaa na binti wa Urambo, mkoa wa Tabora, treni yetu inapita kwao. Yeye ni mkimya kuliko mimi, na utambulisho wake ulikuwa mfupi kuliko wangu, mzuri pengine kuliko wangu (hajui kwamba nimeandika hivi). Alianza na bani la babu yake, yaani banda la kukaushia tumbaku. Moto unawashwa kwenye tanuru, moshi unapita ndani ya bani kwenye bomba za bati na kutokea upande wa pili. Jani linakaushwa na joto la bomba, moshi wenyewe haulifikii. Akasema: "Nikiwa mdogo nilikuwa naota mkono kwenye moshi unaotoka nje. Ulikuwa bado wa moto sana. Nataka kujua kuni ngapi za babu zinapasha joto anga." Akakaa.

Angalia hakutaja fani hata moja. Lakini kila aliyekuwepo alijua huyu anasoma nini: joto linavyosafiri. Anasoma uhandisi wa kemikali na uchakataji, na makundi mawili ya kazi yalimtaka siku hiyohiyo.

Kama bado hujui unakoelekea

Si aibu. Mwaka wa kwanza karibu wote mtakutana na vitu vinavyofanana: hisabati, michoro, mekanika, karakana, programu za kompyuta. Hakuna atakayekudai uwe umechagua utafiti wa maisha. Ila usiseme "sijui". Sema unasita kati ya vitu gani viwili na kwa nini. Kwa mfano: "Wavuvi kwetu walitumia karabai, sasa wanatumia taa za betri. Sijajua kama kinachonivuta ni betri yenyewe au ni namna ya kuilinda isiingie maji boti likiyumba." Hapo umeonyesha njia panda, na mtu mzima atakusaidia.

Kiingereza

Salamu zitakuwa kwa Kiswahili, vichekesho vitakuwa kwa Kiswahili, ila mhadhara ni kwa Kiingereza, na mara nyingi utaambiwa ujitambulishe kwa Kiingereza. Mimi nilikwama kwenye neno "mise". Nikasimama pale nikitafuta, watu wakadhani nimelia. Fanya hivi: andika sentensi zako tano kwa Kiswahili kwanza, hakikisha zina maana, kisha tafuta yale maneno matatu au manne ya kifaa chako kwenye kamusi, uyaseme kwa sauti bafuni. Likikupotea neno, omba chaki uchore. Sijawahi kuona mtu aliyechekwa akichora. Waliochekwa ni wale waliosema Kiingereza kirefu kisicho na kitu ndani, mimi nikiwa mmojawapo siku ya uchaguzi wa viongozi wa darasa, lakini hiyo ni habari nyingine.

Ukimwandikia mhadhiri barua pepe

Fupi. Jina, namba ya usajili, mwaka na kozi, kisha swali lako, kisha unachoomba. Usianze na "natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya" ukaendelea na familia yote. Mimi niliandika: "Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mitambo. Ulitueleza kuhusu msuli na kazi. Nimepima mti wa mashine yetu na nimeambatanisha mchoro. Naomba dakika kumi ofisini kwako nikuulize kuhusu vipimo." Alijibu kwa maneno mawili: "Njoo Alhamisi." Mchoro ndio ulionifungulia mlango, na ulikuwa wa penseli, nimeupiga picha kwa simu.

Karakana ni nchi nyingine

Fundi wa karakana hajali swali lako. Kwake utambulisho ni viatu: ukiingia na ndala umeshajitambulisha, toka nje. Msalimie shikamoo kabla hujagusa kitu, hata kama ovaroli yake imechakaa kuliko ya kwako. Atakuuliza kama umewahi kushika tupa. Kama hujawahi, sema hujawahi. Kuna mmoja wetu alisema anajua, akapewa kipande cha chuma kwenye vaisi akinyooshe kiwe mraba, na wiki nzima kilikuwa kinazidi kuwa yai. Fundi akakiweka dirishani na jina lake juu. Bado kipo.

Nyumbani

Huku ndiko kugumu. Ukirudi likizo mtaa umeshakupa cheo: "injinia". Kisha zinaletwa redio, feni, simu zilizoangukia kwenye supu ya migebuka. Usikipokee cheo. Hata ukimaliza miaka yako minne, Bodi ya Usajili wa Wahandisi inakuandikisha kwanza kama mhandisi mhitimu, unakaa chini ya waliokutangulia miaka kadhaa, ndipo unaomba kuwa mhandisi mtaalamu. Mimi nasema hivi: "Shikamoo mzee. Niko mwaka wa kwanza, nasoma mitambo. Redio siiwezi, lakini nionyeshe inavyofanya." Wengine wanaondoka wamenuna. Wanaobaki wanakusimulia kifaa mwanzo mpaka mwisho, na daftari langu la maswali limejaa kutoka kwao kuliko kutoka maktaba.

Juzi mama kaamua mti wa mkaratusi basi, anataka bomba la chuma. Akamwita fundi wa kuchomelea kutoka Mwanga, hapahapa mjini Kigoma, akaniambia: "Mweleze unavyotaka, wewe ndiye msomi." Nikamweleza fundi yote, 2, 1.4, watu watatu, ukuta wa jirani. Akasikiliza huku anakagua zege la pipa kwa kisigino. Akaniuliza: "Na pipa kwa nini hamkulisogeza?"

Nikamwambia limejengewa zege. Akasema zege huvunjwa. Miaka yote hiyo, na hesabu zangu zote, hakuna aliyewaza pipa.

"Wewe ni injinia?" akauliza.

"Hapana, niko mwaka wa kwanza."

"Haya, shika futi kamba, nenda upande ule."